Kontua za mvua zinapogoma: kusaka kosa kwenye ramani uliyochora kwa Inkscape

Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, haijui mvua. Inajua mstari, rangi na nodi (vidoti vinavyoushika mstari), basi. Ukivuta kontua (mstari unaounganisha mahali penye mvua sawa) ya milimita 1,000 ikapita juu ya kituo kinachosoma 570, haitakupigia kelele. Itauchora mstari huo mlaini na mzuri, kisha itakuacha uende nao kuaibika mbele za watu. Ndiyo maana mengi ninayoletewa kwa jina la "programu imeharibika" huwa yameanzia kwenye jedwali la takwimu au kwenye mpangilio wa matabaka ya mchoro (layers). Hitilafu ya programu yenyewe nimekutana nayo mara chache sana.

Mwongozo huu unafuata dalili. Tafuta ile unayoiona kwenye kioo, uanze na sababu ya kwanza niliyoitaja, maana ndiyo inayotokea zaidi. Mfano wangu ni ramani ya mvua ya mwaka ya Tanzania kwenye karatasi ya A4, iliyochorwa kwa mkono kutoka vituo vichache, kwa Inkscape 1.0 au toleo jipya zaidi. Anayetumia Illustrator atakuta menyu zina majina mengine, ila magonjwa ni yale yale. Na kama unazo nukta elfu kadhaa za setilaiti, usijitese: QGIS, programu ya ramani, itakutolea kontua yenyewe, Inkscape uje kupamba tu.

Vituo havikai mahali pake

Vituo huviweka kwa hesabu, si kwa jicho. Tanzania pamoja na visiwa vyake inakaa kati ya longitudo 29 na 41 mashariki, na kati ya latitudo 0.9 na 12 kusini. Nikiipa kila digrii milimita 15, nchi nzima inaingia ndani ya mraba wa milimita 180, na A4 ina upana wa 210. Kwa hiyo x ni longitudo kutoa 29, mara 15. Y ni latitudo ya kusini mara 15. Dodoma, iliyo latitudo 6.17 na longitudo 35.75, inaangukia x 101.25 na y 92.55. Excel inaniunganishia namba hizo ziwe mistari ya vidoti vya SVG, yaani aina ya faili la mchoro inayotumiwa na Inkscape, nabandika kwenye faili la maandishi, nalifungua kwa Inkscape.

Ukilifungua ukakuta vituo vyote vimejibana kwenye kipande cha kama sentimita 5 pale juu kushoto, tatizo ni vipimo. Usipoiambia kitu, SVG huhesabu kwa pikseli, 96 kwa inchi moja, na pikseli 180 ni milimita 47 na ushee tu. Kwenye mstari wa kwanza wa faili andika width="210mm" height="297mm" viewBox="0 0 210 297". Kuanzia hapo kila namba unayoandika ni milimita.

Vikirundikana au kusogea ovyo, angalia desimali. Kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Kongo na Burundi, huandika 101,25 kwa mkato. SVG inataka nukta.

Na vikiwa havionekani kabisa kwenye ukurasa, punguza ukubwa wa mwonekano utazame juu ya karatasi. Huenda utavikuta huko vikiwa juu chini, Mtwara imekuwa kaskazini na Bukoba kusini. Umeandika latitudo za kusini kwa alama ya kutoa, ilhali SVG huhesabu y kuanzia juu kwenda chini. Sisi Watanzania tuna bahati kwamba nchi yote iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo inatosha kuifuta alama hiyo. Mkenya hawezi, maana Ikweta inampita katikati: y yake iwe 5.5 kutoa latitudo, kusini ikiwa na alama yake ya kutoa, halafu azidishe kwa 15. Tahadhari nyingine: maelekezo ya zamani ya Inkscape, ya kabla ya toleo la 1.0 la mwaka 2020, yanadhani y inaanzia chini ya ukurasa. Ukiyafuata leo unapochapa namba kwenye visanduku vya X na Y, utapata ramani iliyopinduka.

Kuna na ile ya faili la urithi. Umepewa ramani ya msingi iliyochorwa miaka mingi iliyopita, ukaifungua, nchi imezidi vituo vyako kwa zaidi ya asilimia 6 au imepungua kwa kiasi hicho. Mpaka toleo la 0.91 Inkscape ilihesabu pikseli 90 kwa inchi, na 0.92 ya mwaka 2017 ikahamia 96. Faili la zamani likifunguliwa, programu inauliza lilitengenezwa kwa matumizi gani. Wengi tunabofya OK bila kusoma. Lifunge bila kuhifadhi, lifungue tena, mara hii soma.

Vituo viko sawa lakini ramani ya chini haivikubali

Umeleta picha ya ramani ya nchi kutoka mtandaoni, Dar es Salaam yako inaelea baharini. Mtu atakwambia ni suala la projeksheni, yaani namna dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye karatasi bapa. Kwa nchi za huku karibu na Ikweta, projeksheni husingiziwa bure. Hata kama picha ni ya Mercator na hesabu yangu ni ya digrii tupu, kwenye kipimo hiki Mtwara inapishana kwa chini ya milimita 1. Ukiona milimita 10, picha imevutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Irudishe kwenye uwiano wake wa asili, kisha ipanue ukiwa umeshikilia Ctrl. Chagua pointi mbili zilizo mbali, Bukoba na Mtwara zinafaa, ulinganishe hizo tu. Zikikubali hizo mbili, Dar es Salaam itakubali yenyewe. Ukilinganisha Dodoma na Morogoro, kosa dogo la hapo litakuwa kubwa ukifika mpakani.

Mara picha ikishakaa, ifunge kwa kufuli kwenye tabaka lake. Wengi hufanya hivyo baada ya kuisogeza kwa bahati mbaya mara ya tatu.

Kontua inazunguka kituo kimoja kama pete

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inaweza kuwa kosa na inaweza kuwa kweli, na kwenye kioo zinafanana.

Anza na miezi iliyokosekana. Seli tupu ya Excel ukiijumlisha inahesabiwa kama sifuri. Niliwahi kuchora ramani yenye duara safi la ukame mahali ambapo kila aliyepita anajua ni kijani mwaka mzima. Nikatumia jioni nzima kuhangaika na nodi, nikilaumu mausi, nikilaumu umeme. Kumbe kituo kile hakikuwa na usomaji wa Aprili kwa miaka mitatu mfululizo, na Aprili ndiyo tumbo la masika. Siku hizi, kabla ya kujumlisha, nahesabu seli zenye namba: mwaka usio na miezi 12 hauingii kwenye wastani. Sifuri iandikwe 0, na pengo liachwe pengo. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Pili, miaka isiyolingana. Kituo kimoja kina wastani wa miaka 30, jirani yake ana miaka minne tu, na ndani ya hiyo minne mmoja ni 1997, mwaka wa El Niño. Bila shaka jirani ataonekana kisima. Utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Huna lazima ya kutumia hicho, ila vituo vyote vitumie kimoja. Ukichanganya, basi ulichochora ni ramani ya urefu wa kumbukumbu za vituo, si ya mvua.

Tatu, mwaka unaanza lini? Kwa wastani wa miaka 30 hili halina uzito. Lakini ukichora mwaka mmoja, Dodoma na kanda yote ya kati inapata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Januari hadi Desemba inakupa mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine. Hesabu Julai hadi Juni, hasa kama ramani inakwenda kwa watu wa kilimo. Kwa ramani ya tufani moja au siku moja kuna mtego wake: kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizopita. Kituo kimoja kikiandika tarehe ya kusoma na kingine tarehe ya kunyesha, pete lazima itokee.

Nne, inchi. Kumbukumbu za enzi za ukoloni ziko kwa inchi. Kituo chenye 40 katikati ya vituo vya 1,000 si jangwa, ni inchi 40, yaani milimita 1,016.

Ukishapita hayo yote na pete bado ipo, fungua ramani ya miinuko. Huenda una mlima.

Kontua zinapita mlimani kana kwamba mlima haupo

Vituo vingi viko walipo watu, na watu wako mabondeni, barabarani na viwanja vya ndege. Moshi mjini inapata karibu milimita 900. Panda kusini mwa Kilimanjaro mpaka ukanda wa msitu, mvua inapita 2,000. Endelea kupanda, inaanza kushuka tena, na kule Kibo kwenye mita 5,895 mvua ni kidogo. Upande wa kaskazini ni mkavu kuliko wa kusini. Ukiunganisha Moshi na kituo cha ng'ambo kwa mstari wa kukadiria, hayo yote yanafutika, na kontua inapita tambarare juu ya mlima mkubwa kuliko yote Afrika.

Dawa ya kwanza ni kutambua kwamba kukadiria kwa mstari kunafaa nchi tambarare tu. Chukua Dodoma na Morogoro. Tuseme moja ina 570 na nyingine 870. Tofauti ni 300, na kwenye ramani yangu ziko umbali wa milimita 30. Kontua ya 600 itakaa milimita 3 kutoka Dodoma, ya 700 milimita 13, ya 800 milimita 23. Huna haja ya rula: chora mstari kati ya vituo viwili, nenda Extensions, kisha Modify Path, kisha Add Nodes, uugawe vipande 30. Kila nodi ni milimita 10 za mvua. Hesabu tatu, kumi na tatu, ishirini na tatu, weka vidoti. Nimewafundisha wengi hila hii na hakuna aliyerudi kwenye rula.

Kwenye milima, tupa mstari. Tazama mwinuko na upande upepo unakotoka. Kontua za mvua zifuate umbo la mlima, zibane upande unaopokea upepo wa bahari, zilegee nyuma yake. Same iko nyuma ya milima ya Pare na ni kavu, wakati Amani, kwenye Usambara Mashariki inayotazama bahari, imelowa. Ramani ikikuonyesha kinyume, usiiamini hata kama hesabu zimenyooka. Tukuyu nayo, kusini mwa mlima Rungwe, hupata zaidi ya 2,000, na majirani zake wa mbali kidogo hawakaribii huko.

Halafu kuna suala la nafasi. Kwa kipimo changu milimita moja ya karatasi ni zaidi ya kilomita 7. Kutoka Moshi mpaka Kibo ni kama kilomita 31, kwa hiyo milimita 4 za karatasi. Ukitumia pengo la milimita 200 za mvua kati ya kontua moja na nyingine, ndani ya milimita hizo 4 unataka kupitisha kontua ya 1,000, 1,200, 1,400, 1,600, 1,800 na 2,000 ukipanda, halafu zote tena ukishuka. Hakuna unene wa mstari utakaokuokoa. Wengine wanazipunguza kwa siri, wanaacha mbili tatu, na msomaji anadhani wamesahau. Chaguo la heshima ni mawili: pengo lisilo sawa, lililotangazwa kwenye ufunguo, kwa mfano 400, 600, 800, 1,000, 1,500, 2,000, au kiramani kidogo cha pembeni kinachokuza Kilimanjaro peke yake. Mimi hupenda la pili, japo linachukua siku nzima ya ziada.

Ukiwa na wasiwasi na umbo, linganisha na CHIRPS, takwimu zinazounganisha setilaiti na vipimamvua tangu 1981, kila kiboksi digrii 0.05, yaani kama kilomita 5 na nusu. Usizinakili. Zitumie kama jirani mwenye busara, uone kama naye anaona unachokiona.

Kontua mbili zinakatana

Haiwezekani mahali pamoja pawe na milimita 800 na 1,000 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kontua hazikatani, hazigawanyiki matawi, na kila moja ama inajifunga ama inatokea ukingo wa ramani. Zikikatana kwako, karibu kila mara ni mkono wa nodi, kile kijiti kinachotoka kwenye nodi na kuupinda mstari, uliovutwa mno. Nodi yenye mikono mirefu huufanya mstari ubenue tumbo nje ya njia yake, ukamgusa jirani. Bonyeza N kupata zana ya nodi, fupisha mikono mpaka kila mmoja uwe kama theluthi ya umbali hadi nodi inayofuata. Ongeza nodi pale tu mwelekeo unapogeuka.

Sababu ya pili inawanasa hata wazoefu. Zana ya kalamu ina mitindo kadhaa kwenye upau wa juu. Ule wa B-spline hutoa mstari mlaini ajabu, lakini mstari huo haupiti kwenye pointi ulizobofya. Unapita karibu nazo. Vidoti vyako vya 700 ulivyohesabu kwa uangalifu vinabaki pembeni. Mtindo wa Spiro unapitia pointi, ila pointi zikiwa zimeachana sana unaweza kujizungusha kama jogoo anayetafuta pa kulala. Kwa kontua tumia Bezier ya kawaida. Itakuchosha zaidi mkono, lakini mstari utapita ulipouagiza.

Sababu ya tatu ni Ctrl+L, amri ya kurahisisha. Ukiibonyeza mara moja inapunguza nodi. Ukiibonyeza mara tatu kwa haraka, nguvu yake inaongezeka kila mara na kontua inahama. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z, bonyeza mara moja, ukague vidoti.

Ikiwa mikono ni mifupi, mtindo ni Bezier, na bado zinakatana, rudi kwenye sehemu ya pete. Namba moja inadanganya.

Zinazofanana na hili: namba zinaruka, unatoka 800 unakuta 1,200 bila 1,000 kati. Kuna kontua umeisahau. Haijalishi nafasi ni finyu kiasi gani, ipo.

Rangi inamwagika, inakata kona au inapotea

Umechora kontua kutoka mpaka wa magharibi hadi baharini, ukaiwekea rangi, na rangi imekata moja kwa moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mstari ulio wazi ukipewa rangi ya ndani, programu huufunga yenyewe kwa mstari ulionyooka. Usijaribu kuufuatisha mpaka wa nchi nodi kwa nodi. Endelea na mstari wako nje kabisa ya mpaka, uzunguke kwa mbali, uufunge huko. Baadaye utaikata ziada yote kwa umbo la nchi, mara moja.

Kwenye kukata huko Zanzibar hupotea. Pemba na Mafia pia. Umechagua mipaka ya bara na visiwa vikiwa vipande tofauti, na Inkscape ikatumia kipande kimoja tu cha juu kama kisu. Chagua vipande vyote vya mpaka, bonyeza Ctrl+K viwe njia moja, ndipo uende Object, Clip, Set Clip. Fanya nakala ya mpaka kabla, maana utauhitaji tena kama mstari mweusi juu ya kila kitu. Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa usihangaike kuyatoboa. Yachore kama maumbo ya buluu kwenye tabaka la juu.

Nyuzi nyembamba nyeupe kati ya rangi mbili zinazopakana hutokea pale kila ukanda ulipochorwa peke yake na kuishia mahali jirani anapoanza. Usizikimbize kwa kuongeza unene wa mstari. Badilisha mtindo wa kazi: ukanda mkavu uwe chini umefunika nchi nzima, juu yake umbo la kila panapozidi 600, juu yake la panapozidi 800, na kuendelea, kama sahani zilizopandana. Hapo hakuna mwanya unaoweza kuonekana.

Mtindo wa sahani una udhaifu mmoja, nao ni pakavu palipozungukwa na palipolowa. Kilele cha Kilimanjaro ndicho mfano wenyewe: sahani ya 2,000 inakifunika chote. Chora umbo la kilele, uchague pamoja na sahani iliyo chini yake, kilele kikiwa juu, ubonyeze Ctrl na alama ya kutoa ili kitoboke. Rudia kwa kila sahani inayohusika. Tundu likikataa kuonekana baada ya kuunganisha kwa Ctrl+K, fungua dirisha la rangi kwa Shift+Ctrl+F, pale juu kulia kwenye rangi ya ndani kuna vitufe viwili vya kanuni ya ujazo. Bofya kile ambacho hakijabonyezwa.

Sahani ikipotea kabisa iko chini ya nyingine. Nenda View, Display Mode, Outline, uone maumbo bila rangi, utaliona lilipojificha. Page Up inalipandisha.

Namba za kontua

Namba iliyokaa kichwa chini inafuata mwelekeo uliochorea mstari. Chagua mstari, nenda Path, kisha Reverse. Namba isiyosomeka juu ya rangi nzito haihitaji kisanduku cheupe. Ipe herufi ukingo mweupe, halafu kwenye mtindo wa mstari panga ukingo uchorwe kwanza na rangi ya herufi baadaye, vinginevyo ukingo utazila herufi. Na namba iliyobadilika sura kwenye kompyuta ya mwingine imekosa fonti. Mpelekee nakala ambayo maandishi yamegeuzwa kuwa njia kwa Shift+Ctrl+C, ubaki na asili yenye maandishi ya kweli, kwani siku utakayotaka kusahihisha 1,000 iwe 1,100 utaililia.

Ramani ya zamani iliyoskaniwa imetoa mistari miwili miwili

Trace Bitmap, amri ya kugeuza picha kuwa mistari, kwa kawaida hufuata kingo za wino, na mstari wa wino una kingo mbili. Ndani ya Trace Bitmap, kwenye skani moja, chagua Centerline tracing. Hata hivyo kila namba na kila doa la chai litageuka kontua. Kwa ramani yenye kontua chini ya 30, kuchora upya juu yake kwa mkono ni haraka kuliko kusafisha.

Imetoka vibaya

Alama nyekundu ya msalaba mahali pa picha, kwenye kompyuta ya mwenzako: picha ilikuwa kiungo tu, haikuingizwa ndani ya faili. Unapoileta chagua Embed.

Mistari imenenepa au kukonda baada ya kupanua ramani: kuna kitufe kwenye upau wa zana ya kuchagua kinachoamua kama unene ufuate ukubwa. Kizime kabla ya kupanua.

Ukungu kwenye chapa: umetoa picha ya PNG kwa dpi 96, yaani nukta 96 kwa inchi. Weka 300, au peleka PDF.

Mandhari nyeusi ikifika WhatsApp: PNG yako haina mandhari, ni uwazi mtupu, na simu ikaigeuza. Weka mstatili mweupe chini ya kila kitu, na tuma kama dokumenti, si kama picha, la sivyo namba za kontua zitasagwa.

Na la steshenari. Umechagua kijani na nyekundu zenye mwanga uleule, mwenye steshenari akachapa nyeusi na nyeupe kwa sababu wino wa rangi umekwisha, na kanda zote zimekuwa kijivu kimoja. Kabla ya kutoa, badilisha mwonekano kuwa wa kijivu kwenye menyu ya View. Panga rangi kutoka nyepesi kwa ukame hadi nzito kwa mvua nyingi, njano hafifu hadi buluu iliyokolea, na kanda zisizidi sita. Zikizidi hapo, mbili zitafanana tu, hata kwa printa nzuri.